Mwigizaji Bora wa Kiume Alikuwa Shangazi Yangu

Katikati ya miaka ya themanini, shangazi yangu, mama wa watoto watatu, alipewa kikombe cha mwigizaji bora wa kiume wa mkoa wetu wa Pwani. Alikipokea Malindi, mbele ya ukumbi uliojaa, akiwa amevaa kanzu ya mumewe na ndevu za katani. Mgeni wa heshima alimpa mkono, akamwita mzee, akamtakia maisha marefu. Shangazi aliitikia kwa sauti nzito, "Ahsante, mwanangu," kisha akashuka jukwaani huku akizitafuta ngazi kwa ncha ya bakora. Waamuzi walisimama kumpigia makofi. Hakuna hata mmoja wao aliyejua.

Ni lazima nieleze jinsi mambo yalivyofika pale.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi kule Tezo, na nilikaa kwa shangazi mjini Kilifi. Shangazi ni dada yake baba. Alizaliwa Kakuyuni, akaolewa na dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa Malindi mjini, mpole na mwenye mzaha usiokwisha. Asubuhi shangazi alipika mahamri, jioni akakaanga viazi vya karai nje ya nyumba. Baina ya kazi hizo mbili alifua na kupiga pasi mavazi ya kikundi cha maigizo cha mji wetu. Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi yake kikundini kwa miaka kadhaa: mtu wa mavazi. Mimi nilikuwa mnong'onezi. Nilikaa nyuma ya pazia na karatasi za mchezo, nikimkumbusha kwa sauti ya chini yeyote aliyesahau maneno.

Kikundi kilikuwa cha watu wa kazi mbalimbali: wauguzi, makarani, walimu, wafanyakazi wa kiwanda cha korosho. Wengine walikuwa wenyeji, wengine wametoka bara wakaletwa kwetu na kazi. Wanawake wa kupanda jukwaani hawakupatikana. Baba hakubali, kaka hakubali, mchumba ndiye kabisa. Basi nafasi zote za kina mama zilichezwa na fundi cherehani mmoja, mwanamume mwembamba mwenye shingo ndefu, ambaye akishajifunga leso na kukaa kwenye kigoda kupepeta mchele, hata mkewe alisema humwonea haya.

Kikundi kilikuwa na desturi moja. Mchezo ukiisha, wachezaji walijipanga mbele na kuvua sura zao. Fundi alifungua leso ya kichwani, akaonyesha upara, na watu wakaangua kicheko. Wengi walikuja kwa ajili ya dakika ile tu. Walijua kabisa ni fundi, wengine wamevaa suruali alizowashonea, lakini walingoja leso ifunguliwe kana kwamba hawajui.

Mwaka ninaousema, mchezo wetu ulikuwa wa mzee mwenye shamba la minazi ambaye macho yake yamekufa, na anawaficha watoto wake jambo hilo ili wasimwondoe shambani. Mzee alichezwa na karani mmoja wa bara. Tamasha la mkoa likiwa limekaribia, karani akapewa uhamisho. Tukakaa ukumbini tukitazamana.

"Nani anayajua maneno ya mzee?" akauliza mwalimu aliyetuongoza.

Mimi niliyajua, lakini kuyajua kwa kusoma si kuyajua. Shangazi alikuwa pembeni akipuliza makaa ya pasi. Bila kuinua kichwa akasema, "Mimi nayajua."

"Wewe, mama?"

"Nimewasikia tangu mwanzo. Hata makosa yenu nayajua."

Watu wakacheka. Akaweka pasi chini, akaja mbele, akachukua bakora. Karani aliyekwenda alikuwa akimcheza mzee kipofu kama tulivyozoea kuona, mikono mbele, anapapasa hewa. Shangazi hakupapasa kitu. Aliketi wima, na kila aliyeingia alimwahi kwa swali: "Leo wapendeza, waenda wapi?" Mtu hujibu, na jibu humwambia mzee aliyeingia ni nani, amevaa nini, na ana haraka gani. Alipomwaga chai alimkaripia mjukuu kwa kuweka kikombe mahali pabaya. Tulipotambua anachofanya, hakuna aliyeuliza tena nani atakuwa mzee.

Mimi nilijua alikokitoa. Babu yangu, baba yake, alituficha upofu wake hivyohivyo kule Kakuyuni kwa muda mrefu. Tulidhani ni mzee wa kupenda kuuliza maswali. Shangazi peke yake ndiye aliyegundua, na hakumwambia mtu, kwa sababu babu hakutaka.

Kwa hiyo mwanamke akawa mzee, na mke wa mzee akawa fundi cherehani. Mume wa shangazi alipoombwa kanzu yake aliitoa sandukuni mwenyewe. "Chukua," alisema, "lakini ukiwa mzee mle jukwaani, usinitafutie mke wa pili."

Ndevu zilitengenezwa na fundi kwa nyuzi za katani. Gundi ya dukani haikuzishika kwa sababu ya jasho, basi akatumia ulimbo, yaani utomvu wa mfenesi uliochemshwa, ule ambao watoto hutegea ndege. Tukaenda Malindi na pikapu ya kukodi, shangazi akiwa kati ya masanduku, ndevu tayari usoni, buibui juu ya kanzu.

Mchezo ulikwenda vizuri kuliko tulivyowahi kucheza. Ulipokwisha tukajipanga. Fundi akafungua leso, akaonyesha upara, ukumbi ukacheka, na waamuzi, waliotoka Nairobi na hawakuwa wamewahi kuona jambo lile, walicheka kuliko wote. Zamu ya shangazi ikafika. Akashika ndevu, akavuta. Hazikutoka. Akavuta tena kidogo, uso ukafuata. Kutoka nyuma ya pazia niliona machozi yakimlenga. Akaacha, akainamisha kichwa kwa heshima kama mzee anavyoinamisha, akarudi nyuma. Watu wa Kilifi waliokuwa ukumbini walidhani amefanya makusudi na wakashangilia. Waamuzi waliona mzee mnyenyekevu.

Kisha majina yakasomwa. Kwenye orodha ya wachezaji tulizoea kuandika herufi ya kwanza na jina la ukoo tu.

Njiani kurudi nilimuuliza, "Shangazi, mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Yule bwana alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake miwili." Akatazama nje kidogo. "Na walikuwa wanapiga makofi, mwanangu. Wewe ungewakatiza?"

Nyumbani mumewe alimpaka mafuta ya nazi kidevuni na kumtoa ndevu unyuzi kwa unyuzi, taa imesogezwa karibu.

"Tulia, mzee."

"Waniumiza."

"Vumilia. Mimi nimeoa mwanamume bora wa mkoa mzima, nami sijalalamika."

Kikombe kilikaa juu ya kabati la vyombo. Shangazi alikisugua kwa majivu kama anavyosugua sufuria.

Baada ya mwezi hivi akaja mtu wa televisheni. Alikuwa mtayarishaji wa vipindi vya maigizo, ametoka Mombasa akavuka na feri ya Kilifi, shati limemganda mgongoni. Alimkuta shangazi kwenye karai lake.

"Habari ya jioni, mama. Namtafuta mzee aliyeshinda kikombe. Nimeambiwa anakaa nyumba hii."

"Wamtakia nini?"

"Nina kazi yake. Nataka kumpeleka Nairobi, aonekane kwenye televisheni."

"Ataweza? Ni mtu mzima."

"Tutamtunza, mama. Wewe ni binti yake?"

Shangazi aligeuza viazi, akapangusa mikono. "Ngoja nimwamshe," akasema, na akaingia ndani. Mimi nilikuwa kibarazani nikisahihisha madaftari ya watoto. Nilimwona yule bwana akitengeneza kola. Mara ikasikika bakora sakafuni, na mzee akatokea mlangoni, bila ndevu, bila kanzu, amevaa dera lilelile lenye madoa ya unga. Akasimama, akageuza sikio kidogo, akasema, "Shati lako jipya hilo, bwana, mbona umelisafiria?"

Yule bwana alifungua mdomo. Alimtazama mzee, akatazama karai lililokuwa halina mtu, akaketi kwenye ngazi na kucheka mpaka akashika mbavu. Kazi aliitoa palepale. Lakini alimtaka mzee. Shangazi alipomuuliza kama hakuna nafasi ya mwanamke, alisema wanawake anao wengi, mzee kama yule hana.

Akaenda Nairobi na mumewe, akarekodi, akarudi na vazi la baridi alilonunuliwa huko na saa ya ukutani aliyopewa na mafundi wa studio, kwa kumpenda tu. Kipindi kilipoanza kuonyeshwa, nyumba zenye televisheni mtaani kwetu zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Tulitazama kwa mwenye duka mmoja aliyeiwasha kwa betri ya gari. Picha ilijaa theluji, na kijana mmoja alikuwa juu ya paa akizungusha antena, tukimpigia kelele, "Hapo! Hapo! Umempoteza mzee!" Shangazi alikaa nyuma kabisa, buibui limefunika mdomo, akijitazama.

Mzee akapata jina. Watu wa miji mingine wakaanza kumletea zawadi kupitia kwetu: kofia ya viua iliyofumwa kwa mkono, bakora ya mpingo, ugoro uliofungwa kwenye jani. Mjane mmoja wa Kakuyuni, mwanamke wa heshima zake, alimtuma mtu aulize kama mzee ana mke. Mume wa shangazi alisema aambiwe anaye, ila ni fundi cherehani. Tulicheka sana mwaka ule.

Hata hivyo, nilikuwa nikiishi naye nyumba moja, niliona mengine. Siku moja tulikwenda sokoni Malindi. Muuza samaki alikuwa akimsimulia mwenzake kipindi cha wiki ile, akiiga maneno ya mzee, na akiyakosea. Shangazi alisimama mbele yake na kikapu. Alingoja.

"Mama, wachukua samaki au wasimama tu?" muuza samaki akamuuliza.

"Nasikiliza," shangazi akasema. "Yule mzee wampenda?"

"Nampenda? Yule ni babangu! Sogea, mama, wateja wapite."

Tulipofika kituoni aliniambia maneno ambayo sikuyasahau. Alisema, "Mara moja tu, mwanangu. Nataka wanipigie makofi mara moja nikiwa na uso huu." Hakuwa analalamika. Alisema kama mtu anayeeleza anachotaka kupika.

Mwaka uliofuata kikundi kikachagua mchezo wa mjane anayekataa kutoka nyumbani kwake barabara inapopitishwa. Katika onyesho la mwisho mjane ameketi kitandani, na makuti ya paa yanaondolewa juu yake moja baada ya jingine. Shangazi aliomba nafasi hiyo. Mumewe alikubali. Aliyekataa ni fundi.

"Kila mtu na zake," alisema. "Wewe ni mzee, mimi ndiye mama. Watu wamezoea."

"Mimi ni mama tangu kuzaliwa mwanangu wa kwanza."

"Ya nyumbani hayo. Nasema ya jukwaani."

Walinuniana kwa siku kadhaa. Kisha fundi akaja nyumbani na nguo ya mjane aliyoishona mwenyewe, kitambaa cha bei, akamwambia, "Ukikaa pale kitandani usivute nguo magotini. Mjane hana habari na magoti." Yeye akachukua nafasi ya jirani.

Safari hii bibi yangu naye alikuja Malindi kutoka Kakuyuni. Mama yake shangazi alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa hando, ile sketi ya marinda mengi ya kina mama wa Kigiriama, na alikuwa hajawahi kuingia ukumbi wa maigizo. Nilimweka kiti cha mbele, nyuma ya waamuzi. Kiongozi wao alikuwa yuleyule wa mwaka uliopita.

Sitaeleza mchezo wote. Makuti yalipokuwa yakishuka, vumbi halisi, wadudu halisi, shangazi hakuyatazama juu hata mara moja. Alikuwa akikunja nguo za watu wasiokuwepo na kuzipanga kitandani. Mwanamke mmoja karibu na mlango alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Taa zilipowaka watu walipiga makofi kwa nguvu. Shangazi alisimama mbele. Nilidhani amekipata alichokitaka.

Kisha ikaja desturi yetu. Fundi akafungua leso yake ya ujirani, akaonyesha upara. Kicheko. Kijana mwingine aliyecheza binti akatoa nywele za bandia. Kicheko. Macho yote yakamgeukia shangazi, aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari.

"Vua! Vua!" wakaita watu wa nyuma, watu wa Malindi wasiomjua.

Shangazi alisimama mikono ikining'inia. Hakuwa na kitu cha kuvua.

"Vua, mzee!" akapiga kelele mmoja. "Tumekutambua!"

Watu wetu wa Kilifi wakajibu, "Huyo ni mama! Mama kweli!" na ukumbi ukazidi kucheka, ukidhani ni sehemu ya mchezo. Shangazi akasema, "Uso ndio huu," lakini aliyasema kwa sauti ya kawaida, na sijui kama kuna walioyasikia mbali na mimi.

Waamuzi walikuwa wameinamiana. Bibi, aliyekuwa nyuma yao, alisikia mmoja akisema kwamba wanaume wa Pwani ni hodari mno kucheza wanawake, na kwamba yeye anamjua vizuri huyu, ni mzee wa televisheni. Ni haki apewe sifa, alisema, lakini zawadi ya mwigizaji wa kike haiwezi kupewa mwanamume.

Bibi akainuka. Alimgusa begani kiongozi wa waamuzi.

"Shikamoo, mama," yule bwana akasema, akigeuka.

"Marahaba. Yule pale nimemzaa mimi. Wamwita mwanamume?"

"Mama, sisi twazungumzia mchezaji..."

"Nami namzungumzia huyohuyo. Nimemzaa, nimemnyonyesha, nimemwoza. Wajukuu amenizalia watatu, hawakuletwa na posta. Unataka ushahidi gani tena? Sema tu, mwanangu, usione haya. Mimi nimekuja na muda."

Waamuzi wakaomba faragha. Walimwita shangazi kwenye chumba cha darasa kilichokuwa nyuma ya ukumbi, na mwalimu kiongozi wetu, na mimi kwa sababu karatasi za mchezo nilikuwa nazo. Bibi aliingia bila kuitwa.

Yule kiongozi hakuwa mtu mbaya. Aliona aibu, na alimwomba shangazi radhi kwa adabu nyingi. Kisha akaeleza shida yake. Ikiwa shangazi ni mwanamke, kikombe cha mwaka uliopita kilitolewa kwa makosa, na mwanamume fulani wa kikundi kingine alinyimwa haki yake. Hawezi kuandika ripoti inayosema mtu mmoja ni mwanamume bora mwaka jana na mwanamke bora mwaka huu. "Rudisha kile cha kwanza," akasema, "useme kulikuwa na kosa. Nami natoka hapa sasa hivi nakutangaza. Umestahili, mama. Nakwambia umestahili."

Mwalimu wetu alimtazama shangazi kwa macho ya kusihi. Mimi pia nilitaka akubali. Makofi aliyoyataka yalikuwa nyuma ya mlango.

Shangazi alifikiri. Vumbi la makuti lilikuwa bado kwenye nywele zake.

"Nikikirudisha," akasema, "mtaandika kwamba nilidanganya?"

"Tutaandika kulikuwa na kutoelewana."

"Mimi sikudanganya, bwana. Niliigiza. Si hilo ndilo mlilokuja kutazama?"

"Ndiyo, lakini..."

"Yule mzee nilimtoa kwa babangu. Kikombe kile ni chake na changu. Hiki cha leo ni changu peke yangu. Sasa waniambia nitoe cha babangu ndio nipate changu?"

Yule bwana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema swali hilo si lake kulijibu, atalipeleka makao makuu.

"Lipeleke," bibi akasema. "Tutangoja."

Wakarudi ukumbini. Zawadi zikatangazwa moja moja: mchezo bora, mwongozaji bora, mwigizaji bora wa kiume, ambaye safari hii alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu mwenye masharubu yake mwenyewe. Ilipofika zamu ya mwigizaji bora wa kike, kiongozi alisema uamuzi umeahirishwa mpaka ushauri upatikane. Akashuka haraka.

Shangazi aliendelea na kikundi miaka iliyobaki ya muongo ule. Alicheza kina mama wengi, na mzee mara moja tu tena, kwenye televisheni. Fundi alibaki na nafasi za majirani na hakulalamika. Bibi alifariki akiuliza kama jibu limekuja.

Mimi niliacha ualimu nikaingia kwenye magazeti. Nilipata nafasi ya kufika kwenye ofisi inayosimamia tamasha lile mara mbili, kwa kazi nyingine, na mara zote mbili niliuliza. Mara ya kwanza niliambiwa suala hilo linashughulikiwa. Mara ya pili, afisa kijana aliyekuwa bado shuleni tamasha lile lilipofanyika alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akawa makini. Alisema kwa kadiri anavyojua uamuzi ulioahirishwa haujafutwa, na zawadi ile haikupewa mtu mwingine. Nilimpelekea shangazi habari hizo Kilifi. Aliuliza kama yule afisa alisema uamuzi utatoka lini. Nikamwambia hakusema.